Vitufe Vilivyokusanyika Siku ya Ijumaa

Nitatenganisha kwanza niliyoyaona na niliyoyasikia, kwa sababu nimechoka kuwasikia vijana wa kazi hii wakisimulia mambo ya miaka ya tisini kana kwamba walikuwapo. Niliyoyaona ni haya: duka la chapa katika mji wa Kisii, kompyuta moja iliyotumiwa na wapiga chapa wawili, mstari wa vitufe uliokuwa sehemu ya chini ya kioo chake, na Ijumaa moja ambapo jina la mjane lilipotea humo. Niliyoyasikia ni kwamba kile kijiprogramu cha kukusanya vitufe kilikuwa kikitumiwa na ofisi zote kubwa za Nairobi. Sikuwahi kuiona hata moja. Aliyetuambia alikuwa muuzaji, naye alikuwa ameambiwa na muuzaji mwenzake.

Nyinyi mnaoanza sasa mnazikuta mashine zimekwisha kuamua. Mkifungua barua tatu, vitufe vyake vinakaa pamoja au vinakaa mbalimbali, na hamuulizi ni nani aliyetaka viwe hivyo. Yuko mtu aliyetaka. Huo ndio mpangilio wa mwanzo: namna mashine inavyotenda kabla mtumiaji hajaiambia lolote. Katika duka letu mtu wa kuuchagua nilikuwa mimi, au ningekuwa mimi kama Mzee Ramesh, mwenye duka, angeniacha nifanye kazi aliyoniajiri kuifanya.

Nilikuwa nimefundisha fizikia upande wa Sironga kwa miaka mingi kabla ya kuiacha chaki na kwenda kutengeneza taipureta za Ramesh. Kompyuta zilipokuja nikahamia kwazo, nikabaki kuitwa Mwalimu hadi nilipostaafu. Jina hilo halikunisaidia kitu. Watu walinisikiliza kama wanafunzi wa Kidato cha Pili wanavyosikiliza, yaani wakitazama dirishani.

Sasa nieleze huo mstari. Kila andiko ulilofungua liliweka kitufe chini ya kioo, na juu ya kitufe kukaandikwa jina la andiko. Vitufe viligawana nafasi sawasawa. Vikiwa vitatu, ulisoma majina yote. Vikiwa kumi, kila kimoja kilibakiwa na herufi chache za mwanzo, kama mtu aliyekatizwa kabla ya kumaliza sentensi. Waliobuni jambo hilo bila shaka waliwaza ofisi yenye barua za biashara, kila moja na jina lake. Hawakuwaza Kisii siku ya Alhamisi.

Kwetu, kuanzia Jumatano hadi Ijumaa, kazi ilikuwa mazishi. Familia zilikuja na karatasi za mkono zenye wasifu wa marehemu, nyimbo, ratiba na majina ya wake, watoto na wajukuu kwa mpangilio wa nyumba. Mpangilio huo haukuwa mapambo. Mtu aliyeachwa nje ya wasifu alikuwa ameachwa nje mbele ya ukoo wote, na kesho yake mashambani wangekuwapo watu wa kumkumbusha. Wapiga chapa wetu walilianza kila jina la andiko kwa neno Marehemu. Kufikia Alhamisi adhuhuri mstari wote wa chini ulisomeka Mareh, Mareh, Mareh, toka ukingo hadi ukingo.

Ramesh alipita siku moja na kikombe chake cha chai, akainama, akatazama.

"Mwalimu," akasema, "hii ni kompyuta ama makaburi?"

"Ni kompyuta, Mzee. Waambie waanze na jina la mtu."

"Nimewaambia. Wanasema ni heshima kuanza na Marehemu."

Nikawaambia na mimi. Wakaniitikia kwa adabu kubwa, na asubuhi iliyofuata wakafungua Marehemu wengine wanne.

Wapiga chapa hao walikuwa wawili. Moraa alitoka Kiogoro, Msabato kwa malezi na kwa msimamo, na alikuja mjini kila asubuhi kabla duka halijafunguliwa. Yeye hakufunga andiko hadi mteja alichukue. Alifanya kazi kwa mahali: aliyekuja kwanza alikaa kushoto kabisa, aliyefuata akawa wa pili, na yeye hakuhitaji kusoma herufi zozote. Mstari wa chini ulikuwa foleni yake ya wateja. Niliketi nyuma yake nikaitazama mikono yake. Ilikwenda moja kwa moja kwenye kitufe cha nne kama mkono wa mama wa nyumbani unavyokwenda kwenye chumvi.

Nyanchama, Mkatoliki, alikuwa kinyume chake. Alifungua andiko moja, akalimaliza, akalifunga, ndipo akafungua la pili. Vitufe vingi vilimkera.

"Dada, umeniachia soko hapa," alimwambia Moraa kila walipobadilishana kiti.

"Si soko, ni laini. Usiguse laini ya watu."

"Laini gani? Zote zinasema Mareh. Nitajuaje yupi ni wa nani?"

"Hesabu kutoka kushoto."

"Mimi nilikuja kupiga chapa, sikuja kuhesabu wafu wako."

Haya niliyasikia kwa masikio yangu, tena mara nyingi kuliko nilivyopenda, kwa kuwa meza yangu ilikuwa nyuma yao.

Ndipo yule muuzaji akaja na disketi. Kijiprogramu chake kilikusanya maandiko yote ya aina moja chini ya kitufe kimoja. Ukikibonyeza, orodha inapanda juu nawe unachagua. Kilikuwa na chaguo tatu: kutokusanya kamwe, kukusanya daima, na kukusanya mstari unapojaa. Nyanchama alitaka daima. Moraa alitaka kamwe. Kompyuta ilikuwa moja, na mpangilio wake ulikuwa mmoja kwa yeyote aketiye. Kwa muda fulani kila mmoja alipofika alibadilisha, na kila badiliko lilitaka mashine izimwe na kuwashwa upya, nayo iliamka polepole kama mzee wa umri wangu wa sasa. Wateja walisimama wakisubiri. Niliomba tuamue mara moja.

Ramesh akaamua. "Weka hiyo ya katikati. Ikijaa inakusanya, isipojaa haikusanyi. Wote wawili wanapata. Na Nairobi wote wanatumia hiyo ya katikati."

"Umewaona, Mzee?"

"Watu wanasema."

"Hiyo ya katikati ndiyo mbaya kuliko zote," nilimwambia. "Ya kamwe utaizoea. Ya daima utaizoea. Hii itakuwa kitu kimoja asubuhi na kitu kingine jioni, na itageuka saa ile ile ambayo kazi imezidi na mtu hana nafasi ya kushangaa."

"Mwalimu, wewe unapenda mabishano. Tumejaribu Jumatatu, inafanya kazi."

Jumatatu hatukuwa na maandiko zaidi ya matatu. Lishikeni hili, nanyi mtakuwa mmepata faida ya kunisoma: mpangilio haujaribiwi siku ya utulivu. Ujaribuni siku ambayo mtajuta. Tena msimuulize mtumiaji anapenda nini, kwa maana atakujibu kwa upole au kwa hasira, na majibu yote mawili hayana maana. Keti nyuma yake, kunja mikono, tazama macho yake yanakwenda wapi. Halafu uliza nani atakikalia kiti hicho baada yake. Swali hilo la mwisho hakuna aliyeliuliza, hata yule muuzaji aliyejua kila kitu cha Nairobi.

Niongeze na hili, kwa sababu watu hudhani ni Ramesh peke yake aliyenisumbua. Kulikuwa na karani wa ofisi moja ya Nyamira aliyeuburura mstari wake wa chini bila kujua, ukahamia juu ya kioo. Akapiga simu dukani akisema kompyuta imepinduka. Nilimwambia kwa simu auvute kwa kipanya hadi chini. Akajibu kwamba ameambiwa ukivutwa kwa nguvu mashine hupoteza kumbukumbu. Ameambiwa na nani? Na watu. Nilipanda hadi Nyamira, nikauvuta, nikarudi Kisii na mvua ikanikuta njiani. Mtu mwenye vyeti alinipotezea siku nzima kwa kuwaamini watu asioweza kuwataja.

Turudi dukani. Siku ya Ijumaa kulikuwa na desturi yetu wenyewe. Moraa aliondoka mapema alasiri ili awe nyumbani kabla jua halijazama na Sabato kuingia. Maji yawe yamechotwa, chakula kimepikwa, watoto wa dada yake wameogeshwa. Hakuna aliyembishia. Nyanchama alikalia kiti chake na kumalizia kazi za familia zilizozika Jumamosi. Kwa hiyo kila Ijumaa mashine ilibadilisha mikono huku maandiko mengi yakiwa wazi, katikati ya kazi, kwa maneno machache ya mdomo.

Ijumaa ninayoisema, kulikuwa na wasifu wa Mzee Ombati wa Nyansiongo, aliyekuwa azikwe kesho yake. Mwanawe wa nyumba ya kwanza, Makori, alikuwa ameleta maandishi siku iliyotangulia, nayo yalimtaja mke mmoja tu, mama yake mzazi. Ijumaa asubuhi mke wa pili, Kwamboka, akafika pamoja na ndugu wa marehemu. Wakasema ukoo umekaa na kukubaliana kwamba wasifu uandikwe upya na nyumba zote mbili zitajwe. Mimi nilikuwa Keroka kutengeneza printa ya shule, kwa hiyo sehemu hiyo sikuiona. Naieleza kama nilivyokuja kuithibitisha baadaye. Moraa alipiga chapa wasifu mpya, akauacha wa zamani wazi kando yake ili anakili nyimbo. Yule ndugu akaitia karatasi yake mfukoni akapanda gari kurudi Nyansiongo. Kwamboka akabaki mjini kununua vitu vya matanga na kungojea nakala.

Nilirudi Moraa akiwa anavaa sweta.

"Ya Nyansiongo ni ile ya kulia kabisa," alimwambia Nyanchama. "Iliyo kushoto kwake ni ya zamani. Hiyo usichape."

"Ya kulia kabisa. Sawa. Nenda dada, jua halikungoji."

Maelekezo yalikuwa sahihi na aliyeyapokea aliyasikia vizuri. Lakini kabla ya kuchapisha, Nyanchama alifungua andiko moja zaidi, tangazo fupi la mteja aliyekuwa na haraka. Mstari ukajaa. Vitufe vyote vikajikunja vikawa kitufe kimoja, kama tulivyoviamuru, na upande wa kulia haukuwapo tena. Alibonyeza, orodha ikapanda juu, ndani yake Ombati wawili, mmoja juu ya mwenzake. Akachagua wa chini, kwa sababu kitu kilichoandikwa mwisho huwa chini. Kijiprogramu hicho kiliweka maandiko mapya juu.

Akachapisha nakala zote, na za familia nyingine pia. Halafu, akiwa mtu wa usafi, akaamuru kundi zima lifungwe kwa mara moja. Mashine ikauliza kama ahifadhi. Akajibu hapana, kwa kuwa Ramesh alikuwa amekataza kuhifadhi wasifu zilizokwisha kuchapwa. "Hatuwezi kuweka wafu wote wa Kisii ndani ya hiyo sanduku," alikuwa amesema. Naye Moraa hakuwa na mazoea ya kuhifadhi kitu kilicho wazi; kile kisanduku cha betri nilichowafungia dhidi ya kukatika kwa umeme kilikuwa kimewapa ushujaa wasiostahili.

Kwamboka alikuja kuchukua. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, kitambaa cheusi kichwani. Alifungua nakala ya juu pale pale kaunta, akasoma ukurasa wa kwanza, akaugeuza, akasoma wa pili, akarudi wa kwanza.

"Mimi siko," akasema.

Nyanchama akaichukua, akaitazama, uso ukambadilika. Makori akaingia wakati huo huo kutoka kwenye pikapu yake iliyopakia makreti ya soda.

"Zimekuwa tayari? Tupakie, giza litatukuta Keroka."

"Hizi si zile," Kwamboka akamwambia. "Zile za kikao zilinitaja."

"Kikao gani? Mimi nilikuwa nafuata jeneza. Sikuitwa kikao chochote." Akatugeukia. "Mimi ndiye niliyeleta kazi hii. Hii ndiyo niliyoleta. Huyu mama akitaka yake, akafungue duka lake."

"Makori, nimekaa na baba yako miaka hiyo yote."

"Sijasema hukukaa. Nasema kilichochapwa kimechapwa."

Ramesh akanitazama mimi, kama alivyofanya kila kitu kilipoharibika. Nyanchama akaanza kulia akisema ameua kazi. Nikamwambia anyamaze, maana kilio hakirudishi faili. Kisha nikajikuta mahali pabaya kwa mtu wa tabia yangu. Mjane alikuwa akinieleza andiko ambalo sikuliona. Mwana alikuwa akikana kikao ambacho sikukihudhuria. Andiko lenyewe halikuwapo tena, karatasi ya mkono ilikuwa mfukoni mwa mtu aliyekwisha kufika Nyansiongo, na huko hakukuwa na simu. Moyo wangu ulimwamini Kwamboka, lakini moyo si shahidi.

"Sitaandika neno kwa kuambiwa," nikasema. "Yuko mtu mmoja aliyelipiga chapa. Twende Kiogoro. Nyote wawili."

"Kwa nini niende?" Makori akauliza.

"Ili usije ukasema kesho kwamba uliambiwa."

Tulibanana watatu mbele ya pikapu, mjane katikati. Kiogoro si mbali, lakini tulipofika jua lilikuwa limekwisha kuzama, na nyumbani kwa kina Moraa walikuwa wameanza wimbo wa kufungulia Sabato. Baba yake, mzee wa kanisa, alitoka nje akasimama mlangoni.

"Mwalimu, Sabato imeingia."

"Najua, mzee wangu, na naomba radhi. Sikuja kumwita kazini. Nataka anieleze alichokiona leo."

Akafikiri. "Mashine hatagusa."

"Mashine iko mjini."

"Basi kusema ukweli si kazi." Akageuka. "Moraa, njoo, mwanangu. Mwalimu anauliza."

Moraa akaja, mikono ingali na unyevu. Niliwazuia wawili wale wasimwambie lolote, nikamwuliza alikuwa amepiga chapa nini. Alifumba macho akaanza kusema, ukurasa kwa ukurasa, kama anausoma. Jina la mke wa kwanza na watoto wake. Jina la Kwamboka na watoto wake. Kisha akasita.

"Halafu yule ndugu wa marehemu akaniambia niongeze sentensi moja. Huyu mama alikuwa ametoka nje kununua maji. Alisema niandike kwamba mke wa kwanza alipougua na kulazwa muda mrefu, Kwamboka ndiye aliyewanyonyesha na kuwaogesha watoto wa nyumba zote mbili, akawa hatofautishi vikombe vyao."

Kwamboka aliweka mkono mdomoni. Ilikuwa dhahiri kwamba hakuijua sentensi hiyo. Makori alikuwa akitazama chini.

"Vikombe," akasema. "Hilo ni neno la baba mdogo. Ndiye pekee anayelisema. Vilikuwa vya bati, vya bluu." Akajipangusa pua kwa kiganja. "Mwalimu, twende ukaandike. Mama mdogo, panda."

Nilirudi nikaketi mwenyewe kwenye mashine. Kabla ya kupiga herufi ya kwanza nilifungua kile kijiprogramu, nikachagua kutokusanya kamwe, nikauvuta mstari wa chini ukawa na safu mbili ili majina yasomeke. Ramesh alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Nairobi wataona sisi washamba," akasema, bila nguvu.

"Nairobi hawaziki kesho Nyansiongo."

Mashine ikazimwa, ikawashwa, ikajivuta, na mara hii hakuna aliyelalamika. Nikapiga chapa maneno ya Moraa, Makori akinitajia tahajia ya majina ya wajukuu, Kwamboka akisahihisha nani ni mkubwa kwa nani. Andiko nililiita Ombati, bila Marehemu mbele yake, nikalihifadhi mara baada ya kila aya. Nyanchama alizikunja nakala na kuzifunga kwa gazeti na uzi, macho yake mekundu, nami sikumgombeza, kwa kuwa alitii alichoambiwa na mashine ikageuka mikononi mwake.

Niliyosimuliwa kuhusu mazishi yenyewe ni mengi: nani aliusoma wasifu, nani aliinuka akaondoka, Makori alisimama wapi kaburini. Wanaonisimulia hawapatani hata kuhusu hali ya hewa ya siku ile, na mimi sikwenda. Nilichokiona ni kwamba usiku ule wa Ijumaa, kabla hawajaondoka, Makori alitaka kuutupa mzigo wa nakala nyuma, kati ya makreti, na Kwamboka akaukataa, akaupakata. Makori akazunguka mbele ya pikapu, akamfungulia mlango, akaushikilia kwa sababu bawaba yake ilikuwa mbovu, hadi alipoketi vizuri. Wakaingia barabara ya Keroka taa moja ya nyuma ikiwa haiwaki, nami nikasimama mlangoni mwa duka hadi ile nyingine nayo ikapotea kwenye kona.